Mkono Wangu na Maneno ya Mzee Mkude

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho kituoni, mbele ya mama yako na wajomba zako, na dua utaombewa na watu wanaojua kuomba kuliko mimi. Karatasi hii nimeipa kazi nyingine. Usiifungue ndani ya gari la moshi penye watu. Ifungue ukishafika Tabora, ukishapajua mahali pa kuchota maji na jina la jirani yako wa kwanza.

Utaona mwandiko ni kama wa mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Leo ni siku ya nne. Kila siku baada ya adhuhuri nakaa uani, naandika mistari kumi, pengine kumi na mitano, kisha naweka kalamu chini na kusubiri vidole vilegee. Bibi yako akipita ananiangalia na kuguna. Jana alisema, "Mkwe wangu, mkono huo ni wa chooni, unaandikia nini?" Nikamwambia, "Mama, ndio uliobaki." Akaenda zake.

Habari za jiko, za mume na za mawifi, mama yako amekwisha kukueleza, na mengine somo yako amekufunda vizuri kuliko ninavyoweza. Siyagusi. Mumeo Athumani ni mtu mtulivu, na kazi yake ya ufundi wa reli ni kazi ya haki. Sina wasiwasi naye. Ninachotaka kukuambia kinanihusu mimi, na kidogo kinakuhusu wewe, na nimekinyamazia miaka minne.

Watu wa mtaani wakikuuliza kwa nini baba yako aliacha ukarani wa boma, ulikuwa unajibu kama nilivyokufundisha: mkono uliugua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Nilipoanza kazi bomani nilikuwa na mwandiko ambao watu walisimama kuutazama. Bwana Shauri, yule Mdachi wa kwanza aliyekuwa akikata mashauri bomani, alipenda herufi nene zilizosimama wima kama askari. Basi mimi nikawa nakandamiza kalamu. Niliibana kwa vidole vitatu kama mtu anayemkaba kuku, na wino ukatoka mweusi, na Bwana akasema "gut, gut," nami nikazidi kukandamiza. Hakuna aliyenilazimisha kubana vile. Nilifanya kwa kupenda sifa. Orodha za kodi, majina ya watu wa kazi ya barabara, barua za maakida, maneno ya mashauri, yote kwa nakala tatu, kuanzia asubuhi mpaka tarumbeta ya jioni. Miaka tisa.

Kwanza kilianza kidole gumba. Kilikuwa kinaingia ndani ya kiganja chenyewe, bila kuamriwa. Halafu kidole cha mwisho kikawa kinasimama juu kama jogoo anayetaka kuwika. Halafu kifundo cha mkono kikawa kinajipinda, kalamu inakwaruza karatasi, wino unamwagika, na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Jambo la ajabu, mwanangu, ni kwamba mkono ule ule ulikuwa unashika jembe vizuri. Ulikuwa unachinja kuku, unafunga kamba, unashona kofia. Nikishika kalamu tu, unakufa. Kwa hiyo hata mama yako alidhani naigiza. Alisema, "Mkono gani huu unaougua kazini na kupona nyumbani?" Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nauona unanicheza shere.

Nilienda kwa mganga huko Mlali, akanichanja chale kati ya vidole na kusema kuna mtu bomani anataka kiti changu. Nilimwamini kwa sababu ilinifurahisha kuwa na adui. Niliwachukia makarani wenzangu wawili kwa miezi mizima, watu wasio na kosa. Dokta wa Kidachi akanipaka dawa inayonuka na kuniambia nisinywe pombe, mimi ambaye sijapata kuionja. Aliyenieleza kweli alikuwa Fundi Karimu, yule Mhindi mshonaji aliyekuwa karibu na soko. Alinishika mkono, akaubonyeza kama anayepima kitambaa, akasema, "Karani, huu haujarogwa. Umechoka. Wangu pia ulichoka, nikaacha mkasi mwaka mzima, mke wangu akakata nguo."

Nikamwambia, "Nikiuacha mwaka mzima, tutakula nini?"

Akasema, "Mimi nilikula aibu. Haina chumvi, lakini haiui."

Nilikasirika nikatoka dukani kwake. Sikutaka kula aibu. Nilizungushia kalamu kitambaa ili iwe nene, nikaukanda mkono kwa maji ya chumvi ya moto, nikajifunza kushika kifundo cha kulia kwa mkono wa kushoto chini ya meza mtu asione. Na ilipokuwa hata hayo hayasaidii, nikakutazama wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umekwisha kuhitimu chuoni, na herufi za Kizungu nilikuwa nimekufundisha mwenyewe kwa mkaa juu ya ubao, kwa mchezo tu, kwa sababu ulikuwa mwepesi kushika. Mwandiko wako ulikuwa wangu mtupu. Basi nikawa naandika bomani maneno machache machache, ya kukumbushia tu, nabeba karatasi nyumbani chini ya kanzu, nawe unanakili safi, nakala tatu, na asubuhi narudisha. Bwana hakujua. Wewe ulifurahi. Ulikuwa ukimwambia mama yako, "Leo siwezi kutwanga, nina kazi ya serikali." Nami nikacheka, nikaona nimepata dawa.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Jana nilifika hapa nikaiweka kalamu, nikasingizia mkono.

Utakumbuka jina la Mzee Mkude, wa juu kule, ukishapita Mkuyuni. Pengine hukumbuki, maana uliandika majina mengi. Serikali ilikuwa imekata mpaka wa msitu mlimani, ikasema hapa watu wasilime wala kuchoma. Moto ukaingia msituni. Jumbe wa kule akamleta Mzee Mkude bomani, akasema huyu ndiye. Siku ile Bwana Shauri alikuwa na homa, anatetemeka chini ya blanketi kwenye kiti. Akaniambia, "Karani, andika yote wanayosema. Hukumu itatolewa kwa karatasi." Siku mbili baadaye akapelekwa pwani kutibiwa, akaja Mdachi mwingine badala yake.

Nilikuwa nimekwisha kuandika mashauri matatu asubuhi ile. Mkono ulikuwa umeshajipinda. Mzee Mkude akasimama, akaanza kusema polepole, Kiluguru kidogo, Kiswahili kidogo, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Alisema shamba lile lilikuwa la mama yake. Alisema, "Moto niliuwasha mimi." Nikaandika: *Amekiri kuwasha moto.* Hapo vidole vikafunga. Gumba likaingia kiganjani, kalamu ikaanguka. Mzee akaendelea kusema. Alisema kwamba kabla ya kuwasha alikwenda kwa jumbe kuomba ruhusa ya kuchoma majani makavu, na jumbe akamruhusu mbele ya watu wawili, akawataja majina. Alisema alikata njia ya kuzuia moto, lakini upepo uligeuka. Jumbe alikuwa amesimama pale pale, anatazama miguu yake. Niliyasikia yote. Sikuandika hata moja. Nilijiambia nitayakumbuka, nitayajaza nyumbani.

Nyumbani nilikukuta umeshaweka wino tayari. Nikakupa karatasi. Ulinakili mashauri matatu ya kwanza, halafu ukaniita.

"Baba, huyu mzee alisema hivi tu? Wenzake wote wana ukurasa, yeye ana mstari mmoja."

Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, mkono nimeuweka kwenye bakuli la maji. Ningeweza kukutajia, wewe ukaandika. Ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha mihogo. Lakini nilikuwa nimechoka, Mwanaidi. Nimechoka mpaka kwenye meno. Na nilikuona mdogo kuniuliza. Nikakwambia, "Nakili ulichoona. Usijitie ukarani."

Ukanakili, nakala tatu, herufi zimesimama wima.

Bwana mpya alisoma karatasi mbele ya watu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Alipomaliza ule mstari mmoja akaniuliza, "Karani, ndivyo alivyosema?"

Mzee Mkude alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama mtu anayekupisha mlangoni.

Nikasema, "Ndivyo, bwana."

Hukumu ikawa viboko hamsa ishirini na miezi mitatu ya mnyororo. Viboko walimpiga pale pale uani. Sikutoka nje. Niliketi mezani nikahesabu kwa kusikia, na nilipofika ishirini na tano nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia umelegea kabisa kwenye paja, hauumi hata kidogo.

Kama ningesema "sivyo," angeniuliza kwa nini hukuandika. Ningemwonyesha mkono. Ningefukuzwa. Hayo tu. Sikuwa nachagua kati ya maisha na kifo, nilikuwa nachagua kati ya mzee wa watu na kiti changu. Watu watakwambia siku zile tulikuwa tunawaogopa Wadachi, na ni kweli tuliwaogopa. Mimi usinipe udhuru huo. Siku ile sikuogopa kiboko. Niliogopa watu waseme karani hawezi kuandika.

Watu wa mnyororo walikuwa wanabeba mawe ya ukuta, wakipita chini ya dirisha langu. Wiki ya pili hivi, nilikuwa natoka, nao wamepumzishwa kivulini. Mzee Mkude alikuwa wa mwisho katika safu, na chuma shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," kwa mazoea, kisha nikataka ardhi inimeze. Akaitika, "Marahaba." Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Wewe ndiye uliyeandika maneno yangu. Niliyasema mengi. Karatasi ilikuwa ndogo?"

Askari akavuta mnyororo, wakaondoka.  

Ungedhani hilo lingetosha. Halikutosha. Niliendelea kwenda kazini wiki nyingine nane, na wewe ukaendelea kunakili. Najua watu wanaosimulia kwamba neno moja liliwageuza. Mimi halikunigeuza, lilinichosha zaidi tu.

Kilichonisimamisha ulikuwa wewe. Mchana mmoja nilirudi mapema, nikakukuta uani umekaa mbele ya karatasi, na mkono wako wa kulia umeukalia. Umeukalia kabisa, mwanangu, kama mtu anayemkandamiza mnyama asitoroke. Uliponiona ukautoa haraka ukaushika ukingo wa kanga. Nikasema, "Nionyeshe." Ukasema, "Hamna kitu, baba, ni ganzi tu." Nikauchukua. Gumba lako lilikuwa linaruka ruka lenyewe, kama mshipa wa kuku aliyechinjwa. Nikakuuliza tangu lini. Ukasema tangu mwezi wa mfungo. Miezi minne! Nikakuuliza mbona hukusema.

Ukasema, "Wewe ulikuwa unaumwa zaidi."

Kesho yake nilikwenda bomani bila karatasi chini ya kanzu. Nikamwambia Bwana kwamba shauri la Mzee Mkude liliandikwa pungufu, nikamtajia wale mashahidi wawili na ruhusa ya jumbe. Akanisikiliza bila kupepesa. Akasukuma karatasi mbele yangu, akasema, "Andika jina lako." Nikashika kalamu. Unajua kilichotokea. Ikatoka alama moja kama mguu wa panzi, na wino ukamwagika mezani.

Akauliza, "Na nakala zote hizi nzuri, nani ameandika?"

Nikasema, "Mimi, bwana, siku ambazo mkono unakubali." Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho bomani, na huo siutubii.

Akautazama mkono wangu. "Unaweza kushika jembe?"

"Naweza, bwana."

"Basi kashike jembe."

Nilipigwa viboko kumi na tano kwa kusema uongo mbele ya serikali. Mama yako alikwambia nimeanguka kwenye ngazi za boma, na ndiyo maana nililala kifudifudi wiki ile. Wale mashahidi waliitwa, na Mzee Mkude akafunguliwa. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na moja tu za kifungo chake. Jumbe hakufanywa kitu. Nakuandikia hivi ili usidhani niliokoa mtu. Viboko alivyokwisha kupigwa havikurudi, na mawe aliyobeba bado yako kwenye ukuta ule.

Mvua zilipokwisha nikapanda kwake. Nilibeba chumvi na kipande cha kaniki. Mkewe aliniona, akaingia ndani bila kuitikia hodi. Mzee alikuwa anapukusa maharage. Nikasema, "Nimekuja, mzee." Akasema, "Nimekuona." Nikaanza hotuba yangu niliyoitunga njia nzima. Akainua mkono.

"Wewe nimekwisha kukusikia bomani. Kaa. Sasa nitasema mimi, mpaka nimalize."

Nikakaa juu ya kinu kilicholala. Akasema yote, tangu mwanzo. Alisimulia namna mama yake alivyolisafisha shamba lile akiwa na mimba yake, na kwa nini majani lazima yachomwe kabla ya vuli, na jumbe alivyomjibu, alikuwa amevaa nini, mbwa gani alikuwa anabweka. Alisimulia upepo. Alisimulia namna alivyokimbilia moto akiupiga kwa matawi mpaka nyusi zikaungua, yeye na wanawe, na hilo sikuwa nimelisikia bomani, maana pengine nilikuwa nautazama mkono wangu. Jua lilihama kutoka kwenye magoti yangu likapanda ukutani. Alipofika mwisho akafuta midomo, akasema, "Nimemaliza."

Hakusema amenisamehe. Wala sikuthubutu kumwuliza. Alinipa mkungu wa ndizi nikaubeba, ndizi zile mlizozisifu nyumbani mkauliza nimezipata soko gani.

Basi. Mkono umeanza tena, hata huu wa kushoto, ngoja nipumzike.

Nimerudi. Mama yako anakufungia mkeka, namsikia anakugombeza kwa sababu kamba umeifunga legelege. Umefunga kwa mkono wa kushoto, nimekuona mlangoni. Kwa hiyo bado unakuuma, na bado husemi. Hilo umelirithi kwangu, na ndilo linalonitia hofu kuliko safari ndefu na kuliko homa za huko.

Tabora watajua mapema kwamba mke wa Athumani anasoma na kuandika. Watakuja wanawake wenye wana waliokwenda upagazi, wenye waume pwani, wenye mashauri. Waandikie. Sikukatazi. Lakini gumba likianza kuruka, weka kalamu chini mbele ya macho yao, useme, "Mama, mkono wangu umechoka, maneno yako bado sijayamaliza, rudi kesho." Atakasirika. Atakwenda kusema kwamba huwezi. Mwache aseme. Usimkatie maneno ili umfiche kwamba umechoka. Na Athumani mwambie pia, usingoje mpaka akukute umeukalia.

Kuhusu ule mstari mmoja wa Mzee Mkude: uliandikwa na mkono wako, lakini si wako. Wewe uliuliza. Katika watu wote walioushika ukurasa ule, wewe mtoto ndiye peke yako uliyeuliza, na baba yako akakunyamazisha. Ikiwa siku moja utasikia habari hii kwa mtu mwingine, usikubali akugawie hata chembe.

Kesho kituoni utapiga magoti kutaka radhi, kama desturi, nami nitaweka mkono kichwani kwako niseme nimekuwia radhi duniani na akhera. Nitasema kweli, hujapata kunikosea. Lakini mbele za watu mzazi hawezi kumpigia mwanawe magoti, bibi yako angezirai. Kwa hiyo nakuomba hapa. Niwie radhi, Mwanaidi, kwa mkono wako. Ulikuwa mzima nilipouazima.

Usinijibu kwa barua. Ukipata mtu anayekuja Morogoro, mpe neno moja la mdomo aniletee.

Baba yako,
Salum